Sura ya Tano: Kuku, Ndimu na Sabuni ya Kipande

Hakuna kitu kinachoingia jikoni kwetu na vijidudu vingi kama kuku mbichi. Ametoka sokoni, amenyonyolewa, amekatwakatwa. Anawekwa kwenye beseni, anakamuliwa ndimu mbili, anatiwa chumvi, anasuguliwa mpaka kwenye mikunjo ya mbawa, kisha anamwagiwa maji mara tatu. Ubichi unaondoka, kuku anang'aa, na mpishi anaridhika. Beseni linasuuzwa kwa maji matupu, linafutwa kwa kitambaa kilichofuta meza asubuhi, na humo humo zinakatwa nyanya na vitunguu vya kachumbari.

Kuku ataiva, na moto utamaliza vyote alivyokuja navyo. Kachumbari haipikwi. Salmonela na kampilobakta, vijidudu viwili vinavyopenda sana kukaa kwenye kuku, vimekwishahamia kwenye beseni, kwenye kitambaa, kwenye koki iliyofunguliwa kwa vidole vyenye majimaji ya nyama, na kwenye sahani zilizokuwa zikikauka pembeni wakati matone ya kuoshea yakirukaruka. Keshokutwa mtoto anaharisha, na lawama zinakwenda kwa maembe.

Nimeanza na mpishi huyu kwa sababu si mchafu hata kidogo. Amefanya kazi kuliko inavyohitajika. Alichokosa ni kujua ndimu inafanya nini na haifanyi nini. Vitu vya kusafishia vilivyomo majumbani mwetu, vya bei nafuu na visivyo na sumu, vinatosha kwa karibu kila kazi ya nyumba. Ila kila kimoja kina kazi yake, na zipo kazi chache sana ambazo vyote pamoja haviziwezi. Anayezijua hizo chache hana haja ya kumwaga dawa kali kila pembe kila siku, na wala hataitegemea ndimu mahali ambapo itamwangusha.

Ndimu ina sifa zake za kweli. Asidi iliyomo ndani yake inayeyusha kutu ya kijani kwenye vyombo vya shaba, ndiyo maana sinia na mabirika ya zamani ya pwani yalisuguliwa kwa ndimu na chumvi mpaka yakang'aa. Sufuria ya alumini iliyoingia weusi hurudi kuwa nyeupe ukichemshia maji ya ndimu au ya ukwaju ndani yake. Siki hufanya hivyo hivyo. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo huganda ndani ya birika kama ukoko mweupe. Tia siki na maji kiasi sawa, chemsha, epua, acha saa nzima, kisha suuza. Ukoko unatoka vipande vipande bila kukwangua. Tahadhari ni moja: usipeleke ndimu wala siki kwenye sakafu ya terazo au marumaru ya asili, kwa sababu asidi hiyo inayokula chokaa ya birika itakula na sakafu yako, na doa lake halitoki.

Na vijidudu je? Hapa inabidi tuseme ukweli wote. Katika miaka ya 1990, huko Guinea-Bisau, watafiti waliofuatilia mlipuko wa kipindupindu walikuta kwamba watu waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa maji ya ndimu waliugua kwa uchache kuliko wengine. Kijidudu cha kipindupindu hakipatani na asidi, na ndimu ndani ya chakula ilikiua. Habari hiyo ni njema na ni ya kweli. Lakini kipindupindu ni kijidudu kimoja. Salmonela ni sugu zaidi, na virusi vingi vinavyoharisha watoto vinapita tumboni penye asidi kali kuliko ndimu na kutoka vikiwa hai. Siki ya dukani ina asidi ya asilimia 4 au 5 hivi. Inapunguza baadhi ya bakteria ikiachwa muda mrefu, lakini si dawa ya kutegemea mahali palipomwagikiwa damu au matapishi. Kwa hiyo mtie kuku ndimu kwa ajili ya ladha, sina ugomvi na hilo. Mtie ndani ya sufuria, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, usimwoshe kwa kumrushiarushia maji jikoni. Kama kuna unyoya au damu, uifute. Kisha beseni, kisu, ubao na mikono yako vioshwe kwa sabuni kabla hujagusa nyanya.

Magadi yako upande wa pili wa ndimu. Ni chumvi yenye ukali wa alikali, ileile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 100 na ambayo wapishi wetu huitumia kulainishia maharage na makande. Alikali hupambana na mafuta. Kijiko kimoja cha magadi katika maji ya moto kinalegeza masizi ya mafuta yaliyogandia kwenye jiko la gesi, kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, na kwenye bomba la sinki linalopitisha maji kwa shida. Majivu ya kuni hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na zaidi ya hapo chembe zake zinasugua. Bibi zetu walichota majivu, wakachukua makumbi ya nazi, na sufuria ikarudi kama mpya. Ila usiloweke alumini usiku kucha kwenye magadi, itaingia weusi. Na uvae glavu au ujipake mafuta kwanza, kwa maana mafuta ya ngozi yako nayo ni mafuta, na magadi hayabagui.

Kuna mtindo ulioenea wa kumwaga magadi ya kuokea chooni, kisha kumimina siki juu yake, povu likapanda kwa kishindo, na watu wakaamini kwamba povu hilo linaua kila kitu. Povu lile ni gesi ileile inayotoka kwenye soda. Asidi na alikali zimekutana na kumalizana, na kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo ambayo hayana ukali wa siki wala wa magadi. Umetumia vitu viwili vizuri ukavipoteza vyote. Tumia magadi leo kwa mafuta, suuza, tumia siki kesho kwa chokaa.

Sasa tufike kwa mfalme. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuachiwa nyumbani, ningechagua sabuni ya kipande. Si ile yenye tangazo la kuua asilimia 99.9 ya vijidudu. Mche wa kawaida wa kufulia, au ile sabuni ya mawese ya Kigoma, unatosha. Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na alikali kali, na kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Unapopaka mikononi na kusugua, mikia inajichomeka kwenye mafuta ya ngozi, mahali ambapo vijidudu vimejibanza, na vichwa vinavuta kuelekea kwenye maji. Mafuta yanang'oka pamoja na vyote vilivyomo. Kwa virusi vilivyovaa gamba la mafuta, kama vile vya mafua na vya korona, sabuni inafanya zaidi: inapasua gamba lenyewe, na kirusi kinasambaratika. Kwa vile visivyo na gamba haiui, lakini inaving'oa na maji yanavichukua. Ndiyo sababu kusugua ni nusu ya kazi. Sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, chini ya kucha, na maji yanayotiririka.

Jijini Karachi, Pakistani, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ambao kila mzazi anapaswa kuusikia. Familia za mitaa ya watu wa kipato cha chini zilipewa sabuni na kufundishwa kunawa. Baadhi zilipewa sabuni ya kawaida, baadhi zikapewa sabuni yenye dawa ya kuua bakteria. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa zaidi ya nusu, ukilinganisha na familia ambazo hazikuwa kwenye mpango huo. Sabuni yenye dawa haikuishinda sabuni ya kawaida. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani na viambato vingine 18, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinasaidia kuliko sabuni na maji au kwamba ni salama kutumiwa kila siku kwa miaka mingi. Nusu ya nimonia za watoto wadogo, kwa kipande cha sabuni! Sijui dawa nyingine ya bei hiyo inayofanya hivyo.

Lakini sabuni bila maji tiririka inaharibiwa kazi yake. Nimekaa kwenye shughuli ambapo beseni moja la maji linazungushwa, na watu kumi wananawia humo kabla ya kula ubwabwa kwa mkono. Wa kumi hanawi, anapokea vya tisa waliotangulia. Desturi ya pwani ya kunawisha, mtu akishika birika na kumimina juu ya mikono ya mgeni huku beseni likipokea maji machafu chini, ilikuwa bora zaidi, na inafaa irudi kwenye kila shughuli, safari hii ikiwa na sabuni. Mahali pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinafanya kazi ileile. Mtu anayetajwa kukibuni ni Jim Watt, aliyefanya kazi Chiweshe nchini Zimbabwe, na alitumia kibuyu hasa. Sisi tunatumia dumu la lita tano. Toboa tundu dogo kwa msumari wa moto sehemu ya juu ya dumu, chini kidogo ya mfuniko. Lining'inize kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, funga kamba kwenye shingo yake, ishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na kuchirizisha maji, ukiachia, linajirudisha. Mkono uliotoka chooni haugusi chochote. Sabuni itoboe, uifunge kwa kamba pembeni, na uiwekee kopo la kuikinga na mvua. Kijenge karibu na choo, si karibu na jikoni, kwa sababu mtu hanawi mahali anapopaswa kupakumbuka, ananawa mahali anapopapita.

Neno moja kuhusu sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Ni riziki ya watu wengi na nyingi ni nzuri. Ila mtumiaji akishaipeleka nyumbani huongeza maji ili ifike mwisho wa mwezi, kisha huongeza tena, na sabuni iliyozimuliwa mno haihifadhiki: bakteria wanaota ndani yake. Zimua ya kutumia siku hiyo tu, na chupa ikiisha ioshe na kuikausha kabla ya kuijaza upya.

Jua nalo ni la kwetu, na hatulitumii vya kutosha. Vijidudu vingi vinahitaji unyevu, na miale ya jua huviharibu moja kwa moja. Aftim Acra, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Beirut, ndiye aliyeonyesha kwamba maji maangavu yakiwekwa kwenye chupa inayopitisha mwanga na kuanikwa juani kwa saa kadhaa, bakteria wa kuharisha hufa. Siku hizi njia hiyo inafundishwa hivi: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kichanja cha kuanikia vyombo, ambacho wataalamu wa afya ya jamii wamekihimiza vijijini kwa miongo mingi, kinategemea jua hilohilo na upepo. Sahani iliyokaukia kichanjani ni salama kuliko iliyofutwa kwa kitambaa kibichi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakugawiwa dawa za kupuliza. Walipewa maarifa, na mikono ikafanya yaliyobaki.

Kitambaa cha jikoni, kwa upande wake, ndicho kitu ninachokiogopa kuliko choo. Choo kila mtu anakihofia na kukisugua. Kitambaa kinakaa kibichi mchana kutwa, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kikiwa na mabaki ya chakula, na ndicho kinachopitishwa mezani, kwenye kisu, na mdomoni kwa mtoto. Uwe navyo kadhaa, kimoja kiwe cha vyombo, kingine cha meza, na cha kufutia majimaji ya nyama kisitumike kwingine kabisa. Jioni vichemshe kwa dakika kumi na sabuni, asubuhi vianike. Sponji haichemshiki vizuri kwa sababu matundu yake yanaficha uchafu, hivyo dodoki lililokaushwa juani kila siku ni afadhali, nalo ukilichoka unaliacha lioze shambani.

Harufu ni suala jingine. Mgeni akiingia kwenye nyumba iliyofukizwa udi husema, "Mashaallah, shoga, nyumba yako inanukia usafi," na ni neno zuri la kuambiwa. Udi, mchaichai na karafuu vina raha yake. Lakini pua haioni vijidudu. Matone machache ya mafuta ya karafuu katika ndoo ya maji ya kudekia hayafanyi zaidi ya kunukia, na nyumba isiyonukia kitu, iliyofagiliwa kwa ufagio wa chelewa na kupigwa deki kwa maji na sabuni, haijapungukiwa.

Na sasa zile kazi chache ambazo vitu hivi vyote havitoshi. Mtu anatapika au anaharisha ndani ya nyumba. Damu imemwagika. Mgonjwa anatumia choo mnachochangia wapangaji wa vyumba sita. Mtoto amejisaidia sakafuni. Nasisitiza hilo la mwisho, kwa kuwa wapo wanaoamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu ananyonya tu. Kinaweza kubeba magonjwa kama cha mtu mzima, na mara nyingi kinaachwa karibu zaidi na chakula. Hapo ndipo klorini inapotoka kabatini.

Nani alitufundisha kuitumia kwa kulenga? Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao, na hii ya pili ilikuwa inaua akina mama kwa homa ya uzazi kupita ile ya kwanza. Tofauti aliyoigundua ni kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Aliwaamuru wanawe kwa maji ya chokaa ya klorini, akiichagua kwa kuwa iliondoa harufu ya maiti mikononi. Mwezi Aprili walikuwa wakifa akina mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa 2 hivi. Hakumwagia klorini kuta wala sakafu za hospitali nzima. Aliiweka kwenye njia moja, kati ya chumba cha maiti na kitanda cha mzazi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kutumika nyumbani.

Klorini ya majimaji inayouzwa madukani kwetu kwa kawaida ni ya asilimia 3.5, soma lebo. Kwa matapishi, kinyesi cha mgonjwa na damu, changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji. Kwa vitasa, koki, swichi na kiti cha choo, kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji kinatosha. Kwanza ondoa uchafu wenyewe kwa karatasi au tambara la kutupa, kisha osha kwa sabuni na kusuuza, kwa sababu klorini humalizikia kwenye uchafu kabla haijavifikia vijidudu. Kisha paka dawa, uiache dakika kumi ikiwa bado imelowesha, ndipo usuuze. Wengi wanapaka na kufuta papo hapo, na hapo dawa haijapata muda wa kufanya kazi. Changanya ya siku hiyo tu, kwani joto na mwanga huidhoofisha. Simu, ambayo inafuatana nasi mpaka chooni, haipendi klorini. Ifute kwa kitambaa kilichonyunyiziwa kidogo spiriti ya asilimia 70, ambayo inaua vizuri kuliko spiriti tupu kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yanasaidia kuharibu protini za kijidudu.

Usichanganye klorini na kitu chochote isipokuwa maji. Ikikutana na siki, ndimu au ile asidi ya kuondolea madoa chooni, inatoa gesi ya klorini inayobana kifua. Ikikutana na amonia, na mkojo wa siku nyingi kwenye choo kisichopitisha hewa unayo ya kutosha, inatoa gesi nyingine inayokaba vilevile. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, fungua dirisha na mlango, ndipo uanze. Ukisikia macho yanawasha na kikohozi kinakuja ghafla, toka nje, usimalizie kazi.

Na usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka mitatu anayeona chupa ya soda anaona soda. Iache kwenye chupa yake yenye lebo, juu, mahali ambapo hata akipanda kwenye kigoda hafiki. Ikitokea ameinywa, usimtapishe, kwa sababu itamuunguza mara ya pili ikirudi. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali, na uibebe ile chupa ili daktari asome kilichokuwemo.